Mjusi wa Eda na Jua la Saa Sita

Mwanangu Eda,

Najua neno hilo la kwanza limeshakuudhi. Liruke, uendelee. Nimeianza barua hii mara nne, na kila nikijaribu kukuita kwa namna nyingine kalamu inanigomea.

Sina anwani yako. Barua niliyoituma Chiwanda baada ya msiba wa baba yako ilirudi kwangu imechafuka mafuta ya taa, na aliyeipeleka akaniambia umehama. Mmoja anasema uko Mbamba Bay, mwingine anasema umevuka ng'ambo kwa wakwe zako. Basi hii naiandika wazi, asomaye asome. Mwenye kukufahamu akusomee, hata kama utamwambia anyamaze. Mimi na aibu tumeishi nyumba moja miaka mingi, hainitishi tena.

Huku ni mwezi wa sita. Ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne, kuni zinatoa moshi kuliko moto, na kahawa iko mezani inaanikwa. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kile kigoda kifupi, mwisho wa meza ya kahawa, upande uleule. Unaujua.

Ulishuka kwenye lori mwezi kama huu. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa umetapika kona zote za mlima kuanzia ziwani mpaka Mbinga, umevaa gauni la maua lisilo na mikono, miguu mitupu, na umekumbatia kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kwa msumari. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayepokea askofu. Nilikuwa nimefagia uwanja mara mbili na kuchinja kuku niliyekuwa namtunza kwa ajili ya Noeli. Miaka mitano nilikuwa nimeolewa na baba yako, Mungu hakunijalia mtoto, na sasa bibi yako huko Chiwanda macho yalikuwa yamemwishia, hawezi tena kukulea, kwa hiyo mtoto wa marehemu mama yako alikuwa anakuja kwangu. Nilikuwa nimefurahi mno, na nilikuwa naogopa mno, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Lete huo mzigo nikusaidie," nikakwambia.

"Shikamoo," ukajibu, ukalikumbatia kopo zaidi.

Baba yako akakohoa. "Humo mna mjusi."

Nikacheka, maana baba yako alikuwa mtu wa utani. Kisha nikasikia kucha zinakwaruza bati kwa ndani, mwili wote ukanisisimka. Mimi namwogopa mjusi kuliko chui, wewe unajua. Nilitaka kusema hicho kitu hakiingii ndani ya nyumba yangu. Nikautazama uso wako, nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yetu baba yako kuniona nikinyamaza.

Alinieleza baadaye. Mlikuwa mmengoja lori Mbamba Bay siku mbili, na siku zote mbili ulilia. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anauza na kununua kile anachoweza, na huko ziwani walikuwa wamefika watu wanaonunua mijusi hai, eti inasafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya, ikafugwe kwenye vioo. Watoto wa pwani ya ziwa walikuwa wanainasa juu ya mawe kwa vitanzi vya majani. Kijana mmoja alikuwa nayo gunia zima, na mnunuzi alikuwa amemkataa mmoja kwa sababu mkia umekatika. Wenyewe walimwita Kisiki. Akataka kumtupa, akakuona unalia, akakupa. Ukanyamaza. Na baba yako, ambaye siku ile angekubali kupandisha hata mamba mlimani ili mradi unyamaze, akaenda kutafuta kopo.

Ndivyo nilivyopata wageni wawili siku moja, na wote wawili mkagoma kula.

Wewe ulikuwa umezoea ugali wa muhogo na samaki. Ugali wangu wa mahindi uliugeuza kwa kidole upande huu na upande huu. Kuku wa Noeli ulimlamba mchuzi kidogo, ukarudisha. Kitu pekee ulichokula kilikuwa usipa wa bibi yako, dagaa wa ziwani, ule mkavu, uliokuwa kwenye mfuko ulioufunga kiunoni. Ulikuwa unatoa mmoja mmoja, wako na wa mjusi. Wako ulikula. Wa mjusi ulibaki pale chini ya kopo mpaka ukaanza kunuka.

Lugha nayo ikatuangusha. Kinyasa chako na Kimatengo changu havikukutana popote, tukabaki na Kiswahili. Changu kilikuwa cha sokoni na kanisani, chako cha darasa la tatu. Nikikuuliza, "Kwa nini huli?" unajibu, "Nimeshiba." Mtoto mbavu zinahesabika, anasema ameshiba. Nilikuwa natoka nje kwa Mama Festo, jirani, namwambia nimeletewa watoto wa ziwani, mmoja ana miguu miwili, mwingine minne, na hakuna hata mmoja anayetaka chakula changu. Tulicheka wote, lakini nikirudi nyumbani nilikuwa nakaa jikoni na kujiuliza ni wapi nimekosea.

Baba yako akamtengenezea Kisiki nyumba. Alikuwa fundi seremala, hakujua kufanya kitu ovyo. Akaunga sanduku la mbao, juu akaweka mfuniko wa wavu wenye bawaba, ndani ukatia jiwe bapa ulilochagua mwenyewe. Tukaliweka chumbani kwako, pembeni ya kitanda, mahali penye kivuli na utulivu. Ilikuwa kama kumlaza mgonjwa. Kisiki akazidi kuwa mweusi. Kumbuka rangi ile: hakuwa tena na kichwa chekundu ulichokuwa unanisimulia, alikuwa kama kipande cha mkaa kilicholowa. Alifumba macho mchana kutwa. Mifupa ya nyonga ikaanza kuonekana. Kila mara ulikuwa unamtoa na kumshika viganjani ili kumbembeleza, na kila ukimshika ndivyo anavyozidi kujikunja.

"Kwao mawe ni ya moto," ukaniambia siku moja.

Nilisikia, Eda, ila sikuelewa. Nilidhani unakumbuka kwenu.

Hata hivyo wazo la jua nililipata mwenyewe, nalo nilijivunia. Nikasema, kama ni baridi inayomsumbua, mimi nina mahali pa jua kuliko mtu yeyote katika kitongoji hiki, nina meza ya kahawa. Basi asubuhi ukungu ukipanda nilikuwa nabeba sanduku, nimefumba jicho moja ili nisimwone vizuri, naliweka mwisho wa meza, kahawa huku, mjusi kule. Na ikifika saa tano na nusu nilikuwa nachukua magunia na kufunika meza yote, kahawa na mjusi pamoja. Saa tisa nafunua.

Mtu wa ziwani hawezi kuelewa, ila Mmatengo yeyote ataelewa. Tangu nina miaka saba mikono yangu inafunika kahawa jua likiwa kali. Jua la saa sita linapasua ganda, na ganda likipasuka kahawa yako inashushwa daraja, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Mama yangu alinifinya sikio kwa sababu ya ganda lililopasuka. Mikono haikuniuliza. Ilifika saa, ikafunika. Nilikuwa namtoa mjusi nje apate jua, kisha namnyang'anya jua lenyewe, kila siku, kwa uangalifu mkubwa na kwa upendo.

Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, kwenye kigoda hiki, unaniangalia. Ulijua. Umezaliwa kwenye mawe yale, umeona tangu utotoni mijusi inavyolala juani saa sita kama watu waliolipwa. Ulijua kwamba namuua, na ulikuwa unaniogopa kiasi cha kutothubutu kusema. Siku nne.

Siku ya tano nikaja na magunia yangu, nawe ukasimama, ukalikamata gunia kwa mikono miwili.

"Usimfunike."

"Ganda litapasuka," nikajibu. Lilinitoka hivyo hivyo.

Ukanitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyechanganyikiwa. "Yeye siyo kahawa, Mama Mdogo."

Nilikaa chini, Eda. Nilicheka mpaka kilemba kikadondoka. Wewe ulinuna kwanza, machozi yanakulengalenga, kisha kona ya mdomo ikakusaliti, ukacheka. Ilikuwa ni mara ya kwanza nasikia kicheko chako, na mara ya kwanza unaniita kwa jina lolote.

Tulifunika kahawa, tukamwacha yeye. Ukanifundisha kuweka gunia nusu ya sanduku tu, nusu jua, nusu kivuli, achague mwenyewe. Tukarudi nyuma, ukaniambia nisimkodolee macho. Nikatazama milima, nikachungulia kwa pembeni. Haikupita muda mrefu yule mweusi akaanza kupauka, kisha kichwa kikawa na wekundu wa tofali, akasimama juu ya mikono yake na kuanza kutikisa kichwa juu na chini, juu na chini, kama anayekubaliana na mahubiri. Usipa akaupita. Ukasema mijusi wanakula kinachotembea. Basi nikachukua jembe, mimi mwenyewe, nikaenda shambani, nikabomoa kichuguu pembeni ya ngoro zangu, mashimo yale unayokumbuka tuliyokuwa tunapanda mahindi na maharage kwenye kingo zake. Nikarudi na mchwa kwenye kibakuli. Ukamwaga kiasi juu ya jiwe.

Aligeuza kichwa. Jicho moja likawafuata. Kisha ulimi ukatoka na kurudi, mmoja hayupo.

Ulihesabu kwa sauti, mpaka kumi na moja. Alipomaliza ukageuka, mikono yako imejaa udongo wa kichuguu, ukasema, "Njaa inaniuma."

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nilichokuwa nacho ni kiporo cha ugali wa jana na maharage yaliyopoa. Ulikula umesimama, kwa mikono ile ile. Mimi ninayepiga kelele watu wote wanawe, sikusema neno. Niliogopa nikikuambia unawe utashiba.

Kuanzia hapo tukawa na kazi zetu. Kumnyunyizia matone ya maji juu ya jiwe, alambe. Kutomshika mpaka aje mwenyewe. Jua likizama, kumwekea jiwe lililopashwa moto jikoni, limeviringishwa kwenye kitambaa. Jioni moja nikapasha mawili. Hukuniuliza la pili ni la nani. Ulilibeba mwenyewe ukaliweka chini ya blanketi lako, kwenye miguu.

Mvua za kwanza zilipoleta kumbikumbi, Kisiki alikuwa anakula mkononi mwako. Baadaye mkononi mwangu pia, na siku ile nilipiga ukelele Mama Festo akaja mbio akidhani nimeungua. Mkia ukaanza kuota. Ulikuwa unaupima kwa bua la jani kila Jumapili tukitoka kanisani. Uliota mnene, mweusi, hauna madoa kama mwili wake, lakini ulikuwa mkia. Wewe nawe mashavu yakatoka. Watu wakaniambia, "Mtoto wako amenawiri." Nilikuwa najibu, "Anakula," basi, kwa ufupi, ili nisionekane ninavyojisikia.

Naomba usome taratibu hapa, maana hapa ndipo penye sababu ya barua hii.

Msimu wa baridi uliofuata mambo yalikuwa yamebadilika. Chama cha ushirika tulichokuwa tunakipelekea kahawa miaka yote kilikuwa kimefunga mlango. Wanunuzi wapya walikuja na magari yao wanapojisikia, wiki hii yuko mmoja, wiki mbili zinapita hakuna mtu, na bei ni ile anayotaka yeye. Kazi za useremala zikakauka. Na shuleni wakaanza kurudisha nyumbani watoto wasio na sweta na viatu. Ulirudishwa mara mbili. Mara ya pili ulifika mlangoni midomo imekuwa ya kijivu. Nilikufunika kitenge changu, ukasema, "Sisikii baridi," na huku meno yanagongana. Nilikuwa nimeshaiona rangi ile ndani ya sanduku, kwa mjusi asiyepata jua.

Wiki ile likaja gari la mnunuzi wa kahawa. Alikuwa na mwenzake, mtu mpole, mwenye kofia, anauliza kila nyumba habari za vinyonga. Akaona sanduku mwisho wa meza. Akainama.

"Huyu ni wa ziwani. Huku milimani kafikaje?"

"Alikuja na mwanangu," nikasema.

"Aliwahi kukatika mkia, naona umeota. Anakula?"

Jibu nililompa ndilo nililotaka ulijue kuliko yote, maana ulijua kwamba nilimuuza, hukujua nilivyomuuza. Sikusita, wala sikunong'ona. Nilijibu kwa majivuno, kama mama anayesifia mtoto aliyefaulu. "Anakula mkononi!" Na nikachukua mchwa, nikamwonyesha.

Yule mtu akatabasamu. Akaniambia wengi wanaonaswa wanagoma kula, wanafia njiani. Mmoja anayekula mkononi ni bora kuliko gunia zima. Akataja bei. Wewe ulikuwa umekwenda kumsihi mwalimu. Baba yako alikuwa kijijini Mpepai anaezeka nyumba ya mtu. Nilikuwa peke yangu na midomo yako ya kijivu kichwani, na nikasema, "Haya."

Alimtia kwenye mfuko wa kitambaa, akamweka nyuma ya gari, akavuta turubai.

"Usimfunike sana," nikamwambia.

"Mama, hii ni safari," akacheka, wakaondoka.

Sweta nilinunua kesho yake, mtumba, Mbinga mjini, la buluu, zito, la sufu, limetoka hukohuko Ulaya alikokuwa anapelekwa yeye. Nikalifua, nikalianika. Lakini siku ile ile ya gari, uliporudi kutoka kwa mwalimu, nilikuwa nimekwisha kuulegeza mfuniko wa sanduku. Nikakuambia nilisahau kufunga bawaba, ametoroka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimejiandaa hata unipige. Ukasimama ukitazama jiwe lake, kisha ukaja ukanishika mkono.

"Mama, usilie."

Sikuwa nalia. Labda macho yalikuwa na moshi. Lakini hukusema Mama Mdogo, ulisema Mama. Mara ile moja. Miaka sita nilikuwa nalingojea neno hilo mtu aniite, na nilipolipata nililipata kwa uongo.

Ulivaa sweta ukaenda shule. Na kila siku ukirudi ulikuwa unamtafuta. Ulipita kila shina la kahawa, kila jiwe, mpaka mtoni. Saa sita za Jumamosi na Jumapili ulikuwa unaweka mchwa juu ya jiwe lake, unarudi nyuma, unatazama milima ili usimkodolee macho. "Atarudi akisikia njaa," ulisema, "ananijua." Wiki tatu. Na mimi, Eda, nilitafuta nawe. Niliinama chini ya mikahawa nikafunua majani, nikaita Kisiki, Kisiki, mtu mzima na akili zangu. Kumuuza nimekwisha kujaribu kujisamehe. Kuinama kule nimeshindwa.

Gari likarudi. Ulikuwa mlangoni unachambua maharage. Yule mpole mwenye kofia akashuka anatabasamu, hana ubaya wowote, akasema kwa sauti ya watu wenye habari njema:

"Mama, yule wako wa kula mkononi alifika Dar es Salaam mzima kabisa! Huna mwingine?"

Hukupiga kelele. Uliweka ungo chini. Ulivua sweta, ukalikunja vizuri, mikono ndani, kama nilivyokufundisha, ukaliweka mwisho wa meza ya kahawa mahali palipokuwa na sanduku. Ukaingia ndani. Kuanzia siku hiyo hukutia mdomoni kitu chochote kilichotoka mikononi mwangu. Mama Festo alikuwa anakupa mihogo uani kwake, akidhani sijui. Nilikuwa nampelekea mimi hiyo mihogo. Nikapasha jiwe, nikalikuta asubuhi limewekwa nje ya mlango, limepoa. Siku ya sita baba yako akakurudisha kwa bibi yako, hivyo hivyo na upofu wake, na kwenye lori ulikaa unatazama mbele.

Baba yako hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alikuwa anashuka ziwani kukuona kila alipopata nafasi, anarudi na usipa, anaweka mezani, tunakula. Nikimuuliza hali yako anasema, "Mzima." Nikiuliza kama umenisalimu anasema barabara ni mbaya.

Mwaka jana tulipomzika ulikuja, na binti yako mdogo. Siku tatu. Ulinisalimia, "Shikamoo, Mama Mdogo," kwa heshima zote. Ulichota maji, ulipakua, uliosha sahani za watu wote, kila aliyekuona alikusifu. Mimi nilikuwa natazama mkono wako. Kati ya sahani zote ulizogawa hakuna hata moja uliyoiweka mbele yako. Ulikuwa na mfuko wako, ulikuwa na usipa wako, kama siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimempoteza mume wangu, na katikati ya msiba ule nilikuwa nahesabu milo usiyoila. Ndivyo nilivyo, sasa unajua.

Lakini siku ya tatu, saa sita, palitokea jambo, na kwa ajili ya jambo hilo ndiyo nimepata ujasiri wa kushika kalamu.

Binti yako alikuwa amekaa kwenye kigoda hiki, mwisho wa meza. Tangu ulipoondoka mimi siufuniki upande huu. Kahawa yake inapasuka ganda kila mwaka, naitenga, naikaanga ya kunywa mwenyewe. Mijusi wetu wa huku, wale wadogo wa kahawia, wamezoea kuja kuotea jua hapo, nami nawawekea mchwa. Bado nawaogopa. Mtoto alikuwa anamtazama mmoja. Alikuwa na gauni jepesi, magoti yamemwota vipele vya baridi. Nilikwenda jikoni nikachukua kiazi kitamu cha moto, nikakivunja, nikakiweka kwenye meza karibu na mkono wake. Kisha nikarudi nyuma, nikatazama milima.

Alikula. Nilipogeuka ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni. Uliona. Hukumzuia.

Ni hilo tu. Lori lilipokuja ulimbeba, ukapanda. Sijui kama unalikumbuka. Mimi naishi nalo.

Sweta lipo. Nimelitunza na majani makavu ya mrehani ili lisiliwe na nondo, kila mwaka nalitoa na kulianika mchana, sifuniki. Nimelipima kwa macho, nadhani binti yako miaka michache ijayo litamtosha. Siwezi kulituma kwa sababu sijui uliko, na hata ningejua nisingempelekea mtoto bila wewe kuridhia. Kama siku moja utapanda huku kipindi cha baridi, na yeye akatetemeka, liko kwenye sanduku la Kisiki, chini ya kitanda changu.

Ila kabla hajalivaa, mwambie limetoka wapi. Mwambie kuhusu mjusi, na mtu mwenye kofia, na mimi nilivyoinama chini ya mikahawa nikimwita. Usinipunguzie. Akilikataa, nitalikunja nilirudishe, na nitampashia jiwe.

Hapa ni saa sita. Naenda kufunika kahawa, upande ule mwingine.

Wako,
Mama Mdogo